Nilivyokwenda Lusaka Nikaishia Kawangware

Mume wangu alikuwa fundi wa injini za ndege, mtu wa Muheza, mkoa wa Tanga, Tanzania. Mimi nilikuwa jikoni. Sisemi jiko la nyumbani, nasema lile jiko kubwa la uwanja wa ndege wa Embakasi, ambako chakula cha abiria kilipikwa, kikapangwa kwenye trei na kupelekwa ndegeni kwa lori. Siku hizo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nchi zetu tatu zilikuwa na kampuni moja ya ndege. Pale uwanjani ungekuta Mganda, Mtanzania na Mkenya wanasukuma ngazi moja, na hakuna aliyeuliza nani katoka wapi.

Alikuja jikoni kuomba chai. Alisimama mlangoni, grisi imempanda hadi viwikoni, akasema, "Hodi wenyewe!" Sisi wasichana tukacheka. Nairobi nani anabisha hodi kwenye mlango ambao umeachwa wazi?

"Ingia tu, si mlango iko wazi," nikamwambia.

"Mlango uko wazi," akasema polepole, kama mtu anayemnyooshea mtoto kola ya shati. "Ahsante, dada."

Nilinuna wiki nzima. Mwaka uliofuata tukaoana kanisani, akanipeleka kwao Muheza mara moja tu kumsalimu mama yake, kisha tukarudi kazini.

Tulipanga chumba Kibera, upande wa Sarang'ombe, kwenye ploti ya vyumba vya udongo na mabati. Majirani wengi walikuwa watu wa kwetu Magharibi ya Kenya, mafundi wa mbao na vibarua, na wengine watu wa ziwani. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mama mmoja Mjaluo aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale pale Kibera upande wa Kisumu Ndogo. Huyo mama alikipenda Kiswahili cha mume wangu kuliko redio. Jioni akimwona ameketi nje humwambia, "Shemeji, ongea kidogo tusikie." Naye mume wangu, asiyejua kukataa, humsimulia habari za machungwa ya Muheza, wakati vindege vya uwanja wa Wilson vikipita juu ya mabati na kumkata maneno katikati. Mtoto hatukujaliwa. Tulikuwa wawili, na alfajiri tulipanda basi moja la wafanyakazi kwenda Embakasi.

Halafu akatumwa Dar es Salaam. Ndege moja ilikuwa imeharibikia kule na mafundi walihitajika, kazi ya wiki mbili. Siku hiyo nilikuwa zamu ya kupanga trei za Dar. Hatukuagana kwa maana yoyote. Alipita dirishani akagonga kioo, nikainua mkono uliojaa lettusi, akaenda.

Kabla wiki mbili hazijaisha, kampuni ilivunjika. Wakubwa wa nchi zetu walikuwa wamegombana kwa muda mrefu juu ya nani adaiwa na nani, na sisi tuliokuwa chini tulizoea kusikia ugomvi huo kama mtu anavyozoea mlevi wa jirani. Lakini asubuhi moja supavaiza wetu alisimama mbele ya ubao tuliokuwa tukiandikia oda za siku, akashika kitambaa, akaanza kufuta. Akafuta Dar. Akafuta Entebbe. Akafuta Zanzibar na Kilimanjaro. Kisha akakaa juu ya gunia la viazi. Baada ya muda si mrefu mpaka wa Tanzania nao ukafungwa. Hapakuwa na ndege, wala basi, na simu ya Dar ukiiomba posta unaambiwa ungoje, ungoje, mpaka karani anafunga dirisha.

Ilianzishwa kampuni mpya ya nchi yetu peke yetu, yenye ndege chache. Jiko lilibakia kwa sababu ya ndege za ng'ambo, nami nikabakia. Lakini chumba cha Kibera kilikuwa kimebadilika. Ovaroli yake ya akiba ilining'inia ukutani na nilikuwa naogopa kuifua, maana ningeifua harufu ingetoka. Majirani walikuja kunipa pole, wakaja tena, kisha wakachoka, kama inavyostahili. Msiba una siku zake. Huu wangu haukuwa msiba, kwa hiyo haukuwa na siku ya kuanua matanga. Mama wa omena peke yake aliendelea kuuliza, "Shemeji amesema nini?" nami nilimjibu, "Bado." Ilifika wakati akawa ananiletea omena kidogo kwenye bakuli bila kuuliza.

Zaidi ya mwaka ulipita hivyo. Kisha mchana mmoja mhudumu wa ndege ya kigeni aliingia jikoni, kijana Mzungu mwenye tai nyembamba. Kampuni yao ilikuwa inaleta ndege kutoka Ulaya mara moja kwa wiki. Ilitua Nairobi, ikajaza mafuta na chakula, ikaendelea Lusaka. Akauliza kwa Kiingereza, "Nani hapa ni mke wa fundi kutoka Tanga?"

Kisu kilinianguka. Wenzangu wakanisukuma mbele.

Akaniambia kwamba mume wangu yuko Lusaka. Alikuwa amepanda treni kutoka Dar, siku na siku, mpaka Zambia, akatafuta kazi uwanjani, akaipata. Kwa nini Lusaka? Kwa sababu kutoka pale ndege ilikuwa inakuja Nairobi. Alitaka kuwa mahali penye njia ya kuja kwangu, hata kama yeye mwenyewe, na pasipoti yake ya Tanzania, hakuruhusiwa kuipanda.

"Anasema ujumbe huu niuseme hivi hivi," yule kijana akaongeza, akakunja uso kama anayekumbuka somo, akatamka kwa Kiswahili kibovu sana, "Mulango uko wazi."

Nililia mbele ya watu wote. Wenzangu walidhani ni maneno ya Biblia.

Tangu siku ile nilikuwa na mume tena, siku moja kwa wiki, kwa mdomo wa Mzungu. "Mwambie nimepona malaria." "Mwambie anunue sweta, huko Nairobi kuna baridi mwezi wa saba." Mimi nilimtumia chumvi ya kienyeji na maneno yasiyozidi mawili, maana niliona haya kumpa kijana wa watu maneno ya ndani. Mwishowe ukaja ujumbe mkubwa: amepata nyumba ya wafanyakazi, amelipa tikiti yangu kule kule na kijana ameileta, niende.

Nilihangaika na pasipoti mpaka nikaipata. Nikaacha kazi. Na hapo ndipo nilipofanya yale ambayo mtu yeyote anayehama hufanya: niligawa vitu. Kitanda nilimpa seremala wa mlango wa tatu. Jiko na sufuria zikaenda kwa mama wa omena. Pazia, ndoo, stuli, kila kitu kilipata mwenyewe. Jumapili ya mwisho majirani walijaa uani, wakaimba, mzee wa kanisa akaniwekea mikono kichwani na kuniombea safari ndefu hadi nikaumwa magoti. Mama wa omena alinifungia kifurushi cha omena kavu. "Hii mpatie shemeji," akaniambia. "Zambia samaki yao sijui ni ya aina gani."

Siku ya safari walinisindikiza hadi barabarani. Walipunga mikono mpaka gari likapinda.

Pale uwanjani nilikwenda kwenye kaunta kama abiria, mara ya kwanza maishani mwangu, nimevaa viatu vipya. Karani alikuwa kijana mpole. Alitazama tikiti yangu, akatazama karatasi zake, akaitazama tikiti tena.

"Mama, hii ndege haitui hapa siku hizi."

"Haitui aje? Wiki iliyopita si ilikuwa hapa?"

"Hiyo ilikuwa ya mwisho. Sasa wameleta kubwa. Inabeba watu mara mbili, na mafuta yake yanatosha kutoka Ulaya mpaka Lusaka moja kwa moja. Haina haja na Nairobi."

"Na mimi?"

Alikuna shingo. "Wewe walisahau kukuambia."

Kama ningekuwa bado jikoni ningejua. Sisi ndio tulikuwa tunajua kwanza, kabla ya makarani, maana ndege ikiondolewa njia, trei zake huondolewa ubaoni. Lakini nilikuwa nimeacha kazi.

Nikamwuliza kama hakuna ndege nyingine ya Lusaka. Ilikuwepo moja, ya kampuni nyingine, ndogo. Ilikuwa imejaa wiki baada ya wiki, kwa sababu tangu njia ya Dar ifungwe, kila mtu wa kusini alikuwa anaigombania hiyo hiyo. Tena tikiti yangu haikuwa ya kampuni hiyo. Aliandika jina langu kwenye orodha ya wanaongoja, akaniambia nije siku ya ndege nijaribu bahati. Na nauli? "Nauli itarudishwa kwa aliyelipa," akasema. "Kule Lusaka."

Niliketi kwenye viti vya abiria na kifurushi cha omena mapajani mpaka watu wakaanza kugeuka kutafuta inakotoka harufu.

Nirudi Kibera? Nilifikiria. Lakini ningemwambia nani anirudishie sufuria? Seremala alikuwa tayari amelalia kitanda. Mzee wa kanisa alikuwa ameomba hadi sauti ikamkauka. Na chumba kilishapata mpangaji asubuhi ile ile. Nikajiambia, si ni wiki moja au mbili tu, nitapata nafasi, nitaondoka, hawatajua kamwe. Mwenzangu mmoja wa jikoni alikuwa anaishi Kawangware. Nilimngoja atoke zamu, nikaenda kulala kwake.

Kila wiki nilikwenda Embakasi na begi langu, nikasimama kando ya kaunta na wengine wanaongoja. Waliitwa wenye suti. Waliitwa wenye wagonjwa. Mimi sikuitwa. Nauli ya basi iliponishinda nikaacha kwenda kila wiki, kisha nikaacha kabisa. Niliandika barua kwa mafundi wa uwanja wa Lusaka, bila sanduku la posta kwa sababu sikulijua. Haikujibiwa. Yule kijana mwenye tai nyembamba sikumwona tena. Ndege yake ilikuwa inapita mahali fulani juu sana.

Nilirudi jikoni kuomba kazi, wakaniambia wanapunguza watu. Ndege zilizokuwa zikisimama Nairobi kunywa mafuta zilikuwa zinapungua, zile mpya zilikuwa na matumbo makubwa na hazikuona sababu ya kushuka. Baada ya miezi michache hata mwenzangu akapunguzwa, akarudi kwao Machakos. Akaniachia chumba na meko, nikaanza kupika chapati na maharagwe kando ya soko la Kawangware.

Kutoka Kawangware hadi Kibera mtu mwenye miguu mizuri anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Mimi nilikaa miaka bila kukanyaga. Nikitaka kwenda mjini nilizunguka ili nisipite Ngong Road saa za watu kutoka kazini. Nilibadilisha kanisa, nikakaa kiti cha nyuma, nikawaambia wanaouliza kwamba mume wangu yuko safarini. Huo haukuwa uongo. Krismasi niliwasikia watu wa kwetu wakiimba kwenye ploti ya jirani na nikajua kila neno, lakini sikutoka, maana wimbo mmoja huleta swali moja, nalo swali huleta lingine. Kule Kibera nilikuwa mtu aliyefika Zambia. Walikuwa wakinitaja kwa fahari, nilikuja kuambiwa baadaye. Hapa Kawangware nilikuwa mama wa chapati. Katikati ya hao wawili hapakuwa na mtu wa kuongea naye.

Siku redio iliposema mpaka wa Tanzania umefunguliwa, wateja wangu walishangilia kidogo na kuendelea kula. Mimi nilisimama na mwiko. Nilihesabu kwamba yeye alirudishiwa nauli na hajanitafuta. Nikaona basi, amechoka kuningoja. Nikageuza chapati.

Ilikuwa baada ya hapo, siku ya jua kali, mwanamke mmoja alipokuja kuketi kwenye benchi yangu akaagiza chai. Alikuwa ametoka kumwona dada yake Riruta Satellite. Nilimjua kwa mgongo kabla hajageuka. Niliinama kwenye meko, nikajifanya napuliza moto.

"Wewe!" akasema. "Wewe! Si uko Zambia?"

Moshi uliniingia machoni, au niseme hivyo.

"Mama wa omena," nikasema.

"Ulirudi lini?"

"Sikwenda."

Alinikazia macho. Nilimweleza yote pale pale, watu wakingoja chapati zao. Sikuwa nimemweleza mtu mwingine. Nilidhani atacheka, au atanitukana kwa kuwadanganya. Badala yake aliweka mkono mdomoni na macho yakaanza kumtoka.

"Mungu wangu," akasema. "Bwana yako alikuja."

"Alikuja wapi?"

"Si kwa ploti. Mpaka ilipofunguliwa tu. Alikuja na mfuko moja ya machungwa. Amekonda, nywele nyeupe hapa. Akabisha hodi kwa mlango yenu, akatoka mtu mwingine. Mimi nikamkimbilia, nikamwambia shemeji, bibi yako alikufuata! Sisi wenyewe tulimsindikiza. Tulimwombea!"

"Akasema nini?"

"Akakaa chini. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika, hata sufuria yake ndiyo hii napikia. Akasema alirudishiwa pesa ya tikiti, akajua umekataa. Lakini kama ulisafiri, basi labda ulipita njia ingine na mkapishana huko. Akaenda kuuliza kwa uwanja, kwa jikoni, akakuta watu wapya. Akarudi kunipatia machungwa. Akasema anarudi Zambia kukutafuta."

Alishika kichwa. "Mimi ndiye nilimwambia. Mimi!"

"Ulimwambia unachojua," nikamjibu. Nilimpa chai nyingine.

Nilifunga biashara, nikapanda basi la Mombasa, nikavuka mpaka wa Lunga Lunga, nikapita Tanga hadi Muheza. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi barazani akichambua mchele, macho yake yamekwisha kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilipojitaja aliangusha ungo. Alinipapasa uso mzima kwa vidole vyenye vumbi la mchele. "Huyu mtoto amepita hapa juzi juzi," akasema, ingawa ilikuwa miezi. "Kaenda kukutafuta wewe. Na wewe uko hapa. Mnachezeana nini, wanangu?"

Nilikaa kwake hadi alipozoea hatua zangu. Mdogo wa mume wangu alikuwa na anwani ya kweli, sanduku la posta na yote, akamwandikia. Kisha nikarudi Kawangware kungoja, kazi niliyokuwa nimeizoea.

Alikuja mwishoni mwa mwaka. Alishuka sokoni mchana, akauliza mama wa chapati, akaonyeshwa. Alikuwa mwembamba, na aliposimama mbele ya benchi sikujua nifanye nini na mikono yangu. Naye hakujua. Wateja walikuwepo. Tulisalimiana kama watu waliokutana posta.

"Hujambo, mke wangu."

"Sijambo. Umefika salama?"

"Salama."

Akaketi akala, akalipa. Nilimrudishia ile pesa na hapo tu ndipo tukacheka, kidogo, wote wawili tukitazama chini.

Ndege hazikumtaka tena. Cheti chake kilikuwa cha kampuni iliyokufa, na mitambo mipya ilikuwa na mafundi wake vijana. Alipata kazi ya kutengeneza mashine za posho, zile za kusaga unga, kuanzia Kawangware mpaka Riruta, na alizitengeneza vizuri. Watu waliponiona naye walinipongeza. Mungu amekujibu, walisema. Nilikubali. Lakini nilikuwa nimeishi miaka mingi moyoni na mtu niliyemjua, aliyegonga kioo cha dirisha akaenda, na huyu aliyerudi alilala akiangalia ukuta, aliamka kabla yangu, alifua nguo zake mwenyewe na kuzianika mbali na zangu. Hakuniuliza juu ya miaka ile. Nami Lusaka sikuiuliza. Jioni tuliketi ndani ya chumba kimoja na taa moja, na wakati mwingine upweke ulinizidi pale kuliko ulivyonizidi nilipokuwa peke yangu, kwa sababu sasa sikuwa na wa kumngoja.

Jioni moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta amepika. Kulikuwa na sukuma wiki, na ugali mdogo katikati ya sahani, ugali wa mtu mmoja. Aliniona naukodolea macho, akautazama na yeye, akashtuka.

"Samahani," akasema. "Mkono umezoea."

"Hata mimi," nikamwambia, na ilikuwa kweli. Jana yake nilikuwa nimekaanga yai moja nikala nimesimama.

Akaukata ule ugali katikati. Tulikula polepole, tukanywa maji mengi, tukalala na njaa kidogo. Kesho yake ulikuwa mdogo tena, na kesho kutwa pia. Ilikuwa masika ya mwaka uliofuata, mvua imetufungia ndani, ndipo nilipoona kwamba ugali ulio mezani unatosha watu wawili na unabaki. Sikumbuki nani kati yetu aliusonga.